Anwani Aliyopewa Ong-ya

Kangshan, 6 Julai 1993

Kwako Kaka Chin-hung,

Kama upepo wa huko kisiwani Tungyin utakuachia karatasi mkononi, soma barua hii ukiwa umekaa. Mimi naiandika nikiwa nimechoshwa na kila mtu wa nyumba hii isipokuwa paka, na paka hatuna.

Mtihani wa kuingia chuo kikuu umekwisha. Fizikia ilikwenda vizuri. Katika Kichina tuliambiwa tuandike insha juu ya shukrani kwa wazazi, nikaandika kurasa mbili za shukrani huku nimekunja uso. Matokeo yatatoka mwishoni mwa mwezi, halafu kila mtu atajaza kadi ya kuchagua kozi. Siku ya mwisho ya kuirudisha ni tarehe tatu Agosti, na ukisharudisha hakuna kubadili.

Sasa sikiliza. Jana Mama alirudi kutoka hekaluni na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Akaketi chini kati ya mifuko ya skrubu anazochambulia kiwanda, akaniambia Ong-ya, mungu wake wa hekaluni, amekwisha kuamua: niende chuo cha ualimu. Alirusha mbele yake vile vibao viwili vya kumwulizia, vikaanguka kimoja tumbo bapa juu na kimoja mgongo wa mviringo juu, mara tatu mfululizo. Ndiyo, ndiyo na ndiyo. Maisha yangu yamepangwa wakati mimi niko sokoni nachagua tofu.

Mwalimu, Kaka. Mimi. Unakumbuka uliponituma chai ya maziwa nikakurudia na maji ya tikiti, kwa sababu muuzaji alikosea na mimi nikaona haya kumwambia? Mtu huyo ndiye asimame mbele ya watoto arobaini na kuwaamuru wanyamaze.

Wewe unajua ninachotaka. Nataka uhandisi wa mitambo, kule Tainan. Tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, nilipomuundia Mama lile chekeche la kutenganisha skrubu ndefu na fupi kwa mota ya feni mbovu, kuna kitu kiliwaka kichwani mwangu na hakijazimika. Shule ya wavulana ng'ambo ya barabara ina somo la karakana. Sisi tuna somo la kushona aproni. Aproni yangu ilikuwa aibu tupu, mfuko wake uko mgongoni, lakini mwalimu alinipitisha kwa kuwa cherehani zote za darasa zilikuwa zinafanya kazi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Nilizifungua moja baada ya nyingine wakati wa mapumziko. Siku nilipoona jinsi gurudumu linavyozunguka na sindano ikapanda na kushuka, yaani jinsi mzunguko unavyogeuzwa kuwa mwendo mwingine kabisa, sikugusa chakula changu cha mchana. Nilikuwa nimeshiba.

Halafu nikafundishe hesabu za kutoa.

Baba hasemi lolote. Anakunywa supu yake. Kwa hiyo umebaki wewe. Tafadhali mwandikie Mama. Wewe ni mkubwa, wewe ni mwanamume, na zaidi ya hayo uko jeshini, utasikilizwa mara tatu.

Mdogo wako,
Tsai-yun

Nimesahau: nyumba yetu sasa ni namba 31, siyo 12. Mtaa mzima ulipewa namba mpya baada ya barabara kupanuliwa, na hii ni mara ya tatu kukuambia. Namba 12 sasa ni kwa Mzee Liao muuza bata. Barua yako ya mwisho ilikwenda kwake, akaifungua, akaisoma, na akaniletea akiwa na maoni.


Tungyin, 14 Julai 1993

Bisibisi,

Barua yako imeshuka na meli ya jana, pamoja na vitunguu vilivyooza na luteni mpya. Luteni amehitimu Tainan, amevaa miwani minene, na anaogopa mbuzi. Kisiwa hiki kina mbuzi wengi kuliko watu. Tunasubiri kuona nani atashinda.

Kwanza lawama. Nilimwambia sajini kwamba nina mdogo wangu wa kike anayefufua mashine. Akasema basi damu ni moja, akanikabidhi jenereta. Sasa kila tukikaa kula, taa zinazimika, na wanaume thelathini wanakulaumu wewe kwa jina. Jenereta inawaka vizuri kabisa, inanguruma kama nusu saa, halafu inakohoa na kufa. Naenda kuangalia mafuta: nafungua tangi, yapo tele. Nafunga. Nawasha, inawaka mara moja kana kwamba haikuwa yenyewe. Nusu saa, inakufa tena. Nimeshaisafisha kila mahali mkono unapofika. Nimeshaipiga teke pia. Niambie ina nini.

Sasa Mama. Umesema nimwandikie. Nitamwandikia ukinijibu swali moja dogo. Wewe mwenyewe ulimwambia nini? Sisemi ulichoniambia mimi, hicho nakijua kwa moyo. Nataka maneno uliyomwambia yeye, kama ulivyoyasema.

Na namba 31 nimeiandika kwenye kiganja cha mkono.

Kaka yako,
Chin-hung


Kangshan, 19 Julai 1993

Kaka,

Fungua kifuniko cha tangi, kigeuze, ukitazame kwenye mwanga. Kuna kitundu kidogo ambapo hewa hupita kuingia ndani. Nina hakika kimezibwa na chumvi ya bahari. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho tangi linayavuta mafuta yake lenyewe na mashine inakosa cha kunywa. Wewe ukifungua kutazama mafuta, hewa inaingia, na ndiyo maana inawaka "mara moja". Umekuwa ukiiponya kila siku bila kujua. Zibua kitundu kwa sindano. Na usiipige mateke, haijakukosea.

Swali lako halina maana. Mama anajua. Mtu anayeishi nyumba moja na mtu anayefungua redio kila Jumapili anajua.

Mimi nimechagua njia nyingine, ya uhakika. Nimeunda mkono wa kurusha vibao. Nimetoa mota kwenye chekeche la Mama, kwa muda tu, nikaifunga kwenye kipande cha mbao na kijiko cha wali. Kijiko kinavichukua vibao vya marehemu Bibi, vile vya kwenye droo, kinavirusha kwenye mkeka, mimi naandika, navirudisha, kinarusha tena. Nimefanya hivyo mchana kutwa kwa siku kadhaa mpaka nikaota matumbo na migongo. Na jibu ni hili: karibu nusu ya mara zote ni ndiyo. Zilizobaki zinagawana, robo hapana, migongo yote juu, na robo kicheko, matumbo yote juu, yaani mungu anakucheka bila kukujibu. Kwa hiyo ndiyo tatu mfululizo siyo muujiza, Kaka. Ukiuliza vya kutosha utazipata. Na Mama amekiri mwenyewe kwamba mwezi wa tano aliuliza hilo hilo, Ong-ya akamcheka, akarudi nyumbani.

Niliyaandika yote vizuri kwenye karatasi kubwa, na mchoro, nikamwekea mezani. Sikutaka kuzungumza, karatasi inazungumza vizuri kuliko mimi. Mama alivaa miwani, akasoma yote, hata mchoro. Halafu akaniuliza, "Na hiyo mashine yako, ilimuuliza nini?"

Ni swali lisilo la kisayansi na limenikera siku nzima.

Kisha akataka mota yake.

Tsai-yun


Kangshan, 20 Julai 1993

Mwanangu Chin-hung,

Unakula? Shangazi yako anasema huko ni samaki wa chumvi asubuhi na jioni. Nimekutumia soksi na nyama kavu. Nyama usiwagawie wote.

Mdogo wako amenichosha. Ameng'oa mota ya chekeche langu na skrubu natenganisha kwa mikono, kwenye joto hili, macho yamekuwa mekundu kama ya sungura. Na mota yenyewe ameitia kwenye dude la kurusha vibao vya bibi yako. Ko-ko, ko-ko, mchana kutwa nyuma ya ukuta. Juzi mke wa Liao amekuja na machungwa sita, anatembea kwa vidole, ananiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliye mahututi. Alisema nyumba ikimwomba mungu namna hiyo bila kupumzika, basi kuna mtu anakata roho. Nikamwambia hakuna mgonjwa, ni mashine. Akanitazama kwa huruma zaidi na machungwa akayaacha.

Eti amenionyesha kwa hesabu kwamba Ong-ya hakusema kitu. Mimi sikusoma kama ninyi lakini sijakasirikia hesabu zake. Zimeandikwa vizuri. Nilichotaka ni aniambie neno moja kwa mdomo. Mwaka juzi nilimuuliza, Tsai-yun, ukimaliza shule unataka kuwa nani? "Chochote tu." Mwaka jana nikamuuliza. "Chochote tu." Mwaka mpya nikamuuliza mbele ya shangazi zake, nikidhani ataona haya kunyamaza. Akala dampulingi na kusema chochote tu. Mtoto akikujibu hivyo miaka mitatu, mama afanye nini? Nikaenda kwa Ong-ya, maana yeye angalau anajibu.

Na sikuuliza ovyo. Nilisema yote kwa utaratibu kama mama yangu alivyonifundisha. Ko Tsai-yun, mwaka wa Sungura, mwezi wa pili, siku ya kumi na nne, anakaa Kangshan, Mtaa wa Kisima, namba kumi na mbili. Nimemtajia Ong-ya anwani hiyo tangu nilipoolewa, hajawahi kunipotea.

Naona jinsi anavyozitazama mashine, mimi siyo kipofu. Lakini wewe unajua vidole viwili vya baba yako vilikwenda wapi. Mimi ndiye niliyevifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa nikakimbia navyo hospitali, na daktari akanirudishia kitambaa. Kwenye kazi ya ualimu kinachoweza kukatika ni chaki.

Mwandikie. Wewe anakusikia.

Mama yako


Tungyin, 26 Julai 1993

Bisibisi,

Naandika haraka, meli inaondoka kabla ukungu haujarudi.

Kitundu kilikuwa kimezibwa na chumvi. Nilikizibua kwa sindano ya daktari wa kambi, na tangu juzi tunakula tukionana. Sajini ameuliza wewe uko kambi gani, nikamwambia wewe uko kambi ya Mama. Luteni naye akataka nimwonyeshe barua yako. Aliisoma mara mbili, akasema huko Tainan kuna watu walimaliza mwaka wa pili bila kufikiria hivyo. Halafu akakimbia, mbuzi alikuwa amesimama mlangoni.

Sasa kazi. Mama ameniandikia. Wewe unataka nimwambie yeye, yeye anataka nikuambie wewe. Mnatenganishwa na ukuta wa mbao unaopitisha hata kikohozi, na barua zenu zinavuka bahari kuja kunitafuta mimi niwapelekee maneno. Mmenigeuza posta. Nimekataa. Nitakuambia mambo mawili tu, na mengine fanya mwenyewe.

La kwanza. Mama alimtajia Ong-ya namba 12. Ameniandikia mwenyewe, na kwa fahari. Wewe umenigombeza mara tatu kwa namba hiyo hiyo. Barua yangu ilikwenda kwa Liao. Sasa fikiria ndiyo zile tatu zimekwenda kwa nani.

Usicheke. Au cheka, lakini usimpelekee Mama karatasi nyingine yenye mchoro. Mama hana ugomvi na hesabu zako. Mashine ikitoa kitu kisichoeleweka, wewe mwenyewe hunifundisha kwamba unaanza kukagua kilichoingizwa. Basi nenda na namba ya nyumba. Hilo atalisikia kuliko lolote.

La pili ni gumu. Mama anasema amekuuliza miaka mitatu, na miaka mitatu umemjibu chochote tu. Nilikuuliza ulimwambia nini, ukanijibu kuhusu redio. Umeniambia mimi niliye kwenye mwamba katikati ya maji. Umevirusha vibao mchana kutwa bila kuviuliza kitu. Nadhani hata yule mwalimu wa aproni anajua. Umebaki mtu mmoja ambaye hujamwambia, naye ndiye unayemkasirikia kwamba hakusikii.

Tarehe tatu haiko mbali. Fungua mdomo.

Kaka yako,
Chin-hung


Kangshan, 4 Agosti 1993

Kaka,

Barua yako ilifika tarehe moja, moja kwa moja namba 31, hongera. Niliisoma nimesimama mlangoni na nikakukasirikia mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kukujibu kurasa nne. Nikaketi, nikaandika "Si kweli kwamba", na kalamu ikakaa hapo hapo. Kwa hiyo nikaenda jikoni.

Mama alikuwa anakata vitunguu majani. Nikamuuliza alimpa Ong-ya namba gani ya nyumba. Akasema kumi na mbili, kwani kuna nyingine? Kisha kisu kikasimama. Sijawahi kumwona akizima jiko upesi namna ile. Akakaa kwenye kigoda, akauliza kwa sauti ndogo ni nani anakaa kumi na mbili siku hizi, ingawa anajua vizuri. Nikamwambia Mzee Liao. Akasema, basi ameulizia mtoto wa Liao. Nikamkumbusha kwamba Mzee Liao hana binti, ana yule Ah-kun mwenye shingo nene, anayechinja bata.

"Maskini Ong-ya," Mama akasema. "Amehangaika."

Kesho yake tukaenda. Mama alibeba mapera na biskuti, na machungwa mawili ya mke wa Liao yaliyokuwa bado mazuri. Njiani nilikuwa natembea nyuma yake nikijipanga: yeye ataeleza kosa la namba, ataomba radhi, atarusha upya, na kwa hesabu zangu nina nafasi saba kati ya nane kwamba ndiyo tatu mfululizo hazitarudi. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Mama akawasha ubani, akainama, akaomba radhi kwa habari ya namba. Halafu akachukua vibao kwenye sahani na kuvitia mikononi mwangu.

Nilimwambia sijui utaratibu. Akasema nimevirusha mara elfu na kijiko cha wali, utaratibu naujua kuliko yeye. Akasema niseme mwenyewe, jina, siku ya kuzaliwa, mahali ninapokaa na jambo langu, maana yeye akikosea tena nitaleta karatasi.

Nyuma yetu walikuwa wanawake watatu wanasubiri zamu, na mmoja wao, bila shaka, ni mke wa Liao. Mtunza hekalu alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni. Nikapiga magoti. Nikasema Ko Tsai-yun, nikasema mwaka na mwezi na siku, nikasema Mtaa wa Kisima namba thelathini na moja, hiyo niliisema vizuri. Yaliyofuata nikayanong'ona.

Mama akasema Ong-ya ana umri wa mamia ya miaka na hasikii minong'ono.

Kwa hiyo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi, ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia na ilipasuka katikati. Nilisema, "Nataka kusoma uhandisi wa mitambo kule Tainan. Sitaki kuwa mwalimu. Nataka kujua vitu vinafanyaje kazi, na vikiharibika, nataka niwe mtu anayeitwa."

Nikarusha. Matumbo yote mawili juu. Kicheko.

Nikasema tena maneno yale yale, nikarusha. Kicheko. Nyuma yangu mke wa Liao akavuta pumzi. Mara ya tatu mikono ilikuwa na jasho, kimoja kikabingiria mpaka karibu na mguu wa meza, na kilipotulia kilikuwa tumbo juu kama mwenzake. Kichwani, Kaka, nilikwisha kuanza kukokotoa jambo hilo hutokea mara ngapi. Ni mara chache sana. Niliona kwamba nimesema mara moja maishani mwangu na nimechekwa mara tatu.

Mama akaniuliza, "Umemuuliza nini?"

Nikamwambia nimesema kwamba nataka kusoma...

"Nimesikia ulivyosema. Nauliza umemuuliza nini. Nataka siyo swali. Ong-ya ajibu nini hapo?"

Ni kweli. Kwa ngazi zote nilizopanda kwenda pale sikuwa nimeandaa swali. Nilikuwa nimekwenda na habari tu. Nikamtazama Mama, nikidhani sasa atavichukua aulize kwa njia iliyo sawa, na nafasi zangu saba kati ya nane hazikuonekana nyingi tena. Akaviokota vibao. Akavipangusa kwa kiganja, kimoja, kingine. Akavirudisha kwenye sahani yao.

"Ong-ya hakuulizwa," akasema. "Aliyeambiwa ni mimi. Nimesikia."

Akaita wale wanawake waje, zamu yao imefika.

Usidhani tulikumbatiana. Alinigombeza kutoka ngazi za hekalu mpaka mlango wa nyumba. Miaka mitatu chochote tu, kumbe si chochote, kumbe ni kitu kimoja, na kina mji, na kina jina refu. Kama ningelisema mwaka wa kwanza angeokoa ubani wote ule, na Ah-kun wa Liao asingeitiwa ualimu. Katikati ya kugomba ikamponyoka habari ya vidole viwili vya Baba, kwamba mashine zisije zikala na vyangu. Nilipojaribu kusema kwamba yeye naye hakuwahi kuniambia ndiyo anayoogopa, akasimama katikati ya barabara na pikipiki zikampita huku na huku. Akasema alidhani najua. Nikamwambia mimi pia nilidhani anajua. Halafu akaendelea kunigombeza kuhusu mota.

Masharti yake ni haya. Tainan tu, siyo mbali zaidi. Jumamosi moja nije, moja nisije. Nywele zifungwe, mikono ya shati ifungwe. Na kila Jumapili nipige simu nimhesabie vidole vyangu, kwa sauti, mpaka kumi. Nimemwambia hilo ni jambo la kuchekesha mbele ya wasichana wengine kwenye foleni ya simu. Amesema nitazoea kusema mbele ya watu.

Baba aliposikia, alikunywa supu yake. Asubuhi akaniita kwenye chekeche, ambalo nilikuwa nimelirudishia mota, akanionyesha kipande cha bati alichokikunja kazini. Alikiweka juu ya mkanda unaozunguka, kikakaa sawasawa, mkono hauwezi kuingia tena. Alikifunga mwenyewe kwa mkono wenye vidole vitatu. Chekeche hilo nimeliunda miaka mitatu iliyopita na nikalisifia moyoni kila siku, na Mama ameketi mbele ya mkanda ule wazi muda wote huo. Mimi niliangalia unavyozunguka tu.

Kadi nimeirudisha jana. Uhandisi wa mitambo, Tainan, nafasi ya kwanza. Chuo cha ualimu nimekiweka cha mwisho kabisa, kwa heshima ya Ah-kun.

Mdogo wako,
Tsai-yun

Mshukuru luteni. Mwambie mbuzi hamkimbizi mtu anayesimama. Nimesoma mahali.


Kangshan, 12 Agosti 1993

Mwanangu Chin-hung,

Unakula? Nyama kavu najua umewagawia.

Jina la mdogo wako limetoka gazetini juzi, Tainan, mitambo. Mzee Liao ndiye aliyeliona kwanza, akalisoma kwa sauti barabarani na kisu cha bata mkononi, mtaa wote ukatoka nje. Tsai-yun mwenyewe alijificha chooni. Ilibidi nipokee pongezi peke yangu, na nimevaa kandambili zisizofanana.

Sasa nimebaki na skrubu, na dude lenye kofia ya bati, na binti anayenifundisha kuvuta mkanda ukilegea kana kwamba mimi ndiye naenda chuo. Ananieleza polepole, kwa sauti ya juu. Ameanza kusema na sasa hanyamazi. Jana amenieleza kitu kinaitwa gia mpaka wali ukaungua.

Nina jambo nataka unifanyie. Anasema luteni wenu alisoma huko Tainan. Muulize bweni la wasichana liko barabara gani, jengo la ngapi, na namba yake kamili, ya sasa, isiwe ya zamani. Akuandikie kwa mkono wake halafu unitumie haraka. Mwezi wa tisa siyo mbali, na nataka niende hekaluni kabla hajaondoka. Safari hii sitauliza kitu. Nataka tu kuacha anwani. Ong-ya atamwangaliaje mtoto kama hajaambiwa anakaa wapi.

Mama yako